Muuguzi Anayesomea Lishe Tiba kwa Masafa: Yanayosomeka Nyumbani na Yanayohitaji Kitanda cha Mgonjwa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza safari ya mtumishi wa afya, hususani muuguzi wa Tanzania, anayeamua kusomea lishe tiba kwa njia ya masafa bila kuacha ajira yake. Hoja inayojengwa ni kwamba sehemu kubwa ya nadharia ya taaluma hii hubebeka hadi nyumbani, lakini saa za mafunzo kwa vitendo hazibebeki. Aidha, kuwapo kwa mwanafunzi hospitalini kila siku hakumpunguzii hata saa moja kati ya hizo, isipokuwa pale ambapo mwajiri, chuo na msimamizi wamekubaliana mapema. Maelezo yanatokana na kanuni za taaluma, hesabu za muda na uzoefu wa mwandishi ambaye ni muuguzi kwa taaluma yake ya kwanza.

1.0 Utangulizi

Wazo la kwamba mtu anaweza kupata shahada bila kuhama nyumbani si geni tena katika Afrika ya Mashariki. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992 na kuanza kazi mwaka 1993, kikiwalenga hasa watu ambao ajira, familia au umbali viliwazuia kukaa bwenini. Walimu walikuwa miongoni mwa walionufaika mapema, na sababu yake si ngumu kuiona: mwalimu anayesomea ualimu hurudi darasani kesho yake na kukijaribu alichosoma jana usiku. Kazi yake na masomo yake ni kitu kimoja.

Kwa watumishi wa afya jambo hili lina mikunjo zaidi. Nchini Kenya, mwaka 2005, shirika la AMREF kwa kushirikiana na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walianza mpango wa kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti kufikia stashahada kwa kutumia kompyuta. Wauguzi walibaki katika vituo vyao vya kazi, wakasoma moduli kwa muda wao, na mafunzo ya vitendo wakayafanya katika mazingira waliyoyazoea. Mpango ule umekuwa ukitajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba elimu ya afya inaweza kutolewa kwa masafa. Ni ushahidi wa kweli, ila una mpaka wake: aliyesoma alikuwa muuguzi, na alichosomea kilikuwa uuguzi. Wodi yake ilikuwa darasa lake.

Makala haya yanamhusu mtu mwingine. Huyu ni muuguzi, au mtumishi wa maabara, au mhudumu wa afya wa ngazi yoyote, ambaye baada ya miaka kadhaa kazini anatambua kwamba wagonjwa wengi anaowahudumia wanarudi hospitalini kwa sababu ya kile wanachokula au wanachokosa kula. Anaamua kuwa mtaalamu wa lishe tiba. Hawezi kuacha mshahara. Anatazama ratiba ya zamu zake, anatazama simu janja yake, na anajiambia kwamba intaneti itamvusha. Itamvusha sehemu kubwa ya njia. Sehemu iliyobaki ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kina, kwa kuwa ndiyo inayowakwamisha wengi wakiwa wameshalipa ada ya miaka miwili au mitatu.

2.0 Mgonjwa Mmoja, Macho Mawili

Kabla ya kuzungumzia namna ya kusoma, yafaa kueleza kinachosomewa. Katika hospitali nyingi neno "lishe" huibua picha ya afisa lishe wa halmashauri: kampeni za matone ya vitamini A, upimaji wa watoto, elimu ya unyonyeshaji, mapambano dhidi ya udumavu. Hiyo ni lishe ya jamii, na umuhimu wake hauna mjadala. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, imeisimamia kwa miongo mingi. Lishe tiba ni kitu kingine. Mtaalamu wake hushughulika na mgonjwa mmoja mwenye ugonjwa unaojulikana, vipimo vya damu vinavyojulikana, na swali moja: huyu ale nini, kiasi gani, kwa njia gani, kuanzia lini?

Mwandishi wa makala haya aliuona mpaka huo katika wodi ya watoto, miaka kadhaa kabla ya kujiunga na chuo. Mtoto mwenye unyafuzi aliletwa akiwa amevimba miguu na ngozi ikibanduka. Ugonjwa huu ulielezwa kitabibu na daktari Cicely Williams alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, katika miaka ya 1930. Jina la kwashakoo tunalolisikia hospitalini alilitoa katika lugha ya Kiga ya huko. Muuguzi yeyote aliyefunzwa matibabu ya utapiamlo mkali anajua la kufanya: maziwa maalumu ya F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili. Mtoto wa kilo 6 asiye na uvimbe mkubwa hupewa mililita 65 kwa kila mlo. Tarakimu hiyo imo kwenye jedwali lililobandikwa ukutani, na muuguzi huisoma hapo.

Usiku wa pili bibi wa mtoto alileta uji mzito wenye sukari na maziwa. "Nesi, mjukuu wangu analia njaa," alisema, "hayo maji mnayompa yatamshibisha lini?" Mwandishi alikataa uji ule, kwa sababu jedwali halikuutaja. Hakuweza kueleza zaidi ya hapo, na bibi aliondoka akiamini kwamba hospitali ina uchoyo. Alfajiri, muuguzi alipokuwa akihudumia kitanda kingine, mtoto alilishwa uji nusu kikombe. Alinusurika, lakini baada ya siku mbili za mapigo ya moyo yasiyotulia.

Maelezo yaliyokosekana usiku ule yamo katika somo la kemia ya mwili. Mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu ukipokea wanga mwingi kwa ghafula hutoa insulini, na insulini huisukuma sukari ndani ya seli pamoja na madini ya fosfati, potasiamu na magnesi. Akiba ya madini hayo ilikwisha zamani. Yaliyobaki kwenye damu yakiingia ndani ya seli, damu hubaki tupu na moyo hushindwa kupiga sawasawa. Ndiyo maana F-75 ina kilokalori 75 tu katika mililita 100, na protini isiyofikia hata gramu moja, hadi mwili uzoee. Maziwa ya F-100 yenye nguvu zaidi huja baadaye. Mililita 65 mara 12 kwa siku ni mililita 780, sawa na mililita 130 kwa kila kilo ya mtoto, na hizo ni takribani kilokalori 100 kwa kila kilo. Muuguzi anaijua 65. Mtaalamu wa lishe tiba anajua ilikotoka, na kwa hiyo anajua la kufanya siku ambayo mgonjwa hafanani na jedwali. Pia anayo ya kumwambia bibi.

3.0 Kinachobebeka Hadi Nyumbani

Kemia ya mwili, fiziolojia, takwimu, usalama wa chakula, saikolojia ya ushauri, lishe katika vipindi mbalimbali vya maisha: masomo haya yote husomeka vizuri kwa masafa, na muuguzi huyaingia akiwa na mtaji. Majina ya dawa hayamtishi. Anajua kusoma faili la mgonjwa. Akikuta katika kabrasha sentensi inayosema kwamba dawa fulani ya kuongeza mkojo hupunguza potasiamu mwilini, anamkumbuka mgonjwa wa kitanda namba nne. Mwanafunzi aliyetoka moja kwa moja sekondari hana kitanda namba nne cha kukumbuka.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwa na shahada ya kwanza ya sayansi inayounganisha chakula, lishe na lishe tiba, na wanafunzi wake wengi ni watu walio kazini. Sharti la kuingia ndilo linalowashangaza baadhi ya wauguzi wa zamani: kemia na baiolojia za sekondari, au stashahada inayokubalika badala yake, huangaliwa kwa makini. Ni vema kulichunguza hilo kabla ya kununua fomu. Maabara nayo haifanyiki kwenye simu. Mwanafunzi wa sayansi huitwa kwa vipindi vya ana kwa ana, na safari hizo zina nauli na siku zake.

Tatizo kubwa la masomo ya nyumbani halimo katika ugumu wa masomo. Limo katika zamu. Ratiba ya wodi hupangwa kwa mwezi, ya mitihani hupangwa na chuo, na ratiba hizi mbili hazijuani. Mwandishi aliwahi kufanya mtihani wa biokemia saa tatu asubuhi baada ya kukabidhi wodi saa mbili kasorobo, akiwa hajalala. Alifaulu kwa alama asizopenda kuzitaja. Baadaye alijifunza kumpelekea muuguzi mfawidhi tarehe za mitihani mara tu zinapotoka, kwa maandishi, na kujitolea kubeba zamu za sikukuu ambazo wengine hawazitaki, ili awe na deni la kudai. Kusoma wakati wa zamu ya usiku ni jambo ambalo wengi hulifanya na wachache hulikiri. Kati ya saa nane na saa kumi usiku wodi ikitulia, ukurasa mmoja au mbili husomeka; lakini mtu asipange maendeleo yake ya shahada juu ya utulivu wa wodi, kwa sababu siku ambayo wodi haitulii ndiyo siku ya kazi kwelikweli. Kwa wauguzi wanawake, ambao ndio wengi, kuna zamu nyingine inayowasubiri nyumbani, nayo haina ratiba ukutani.

Jambo moja la kitaaluma liongezwe hapa kwa kuwa vitabu vingi vya lishe tiba vinavyopatikana mtandaoni vimeandikwa Ulaya na Marekani. Mifano yao ya mlo ni mkate wa ngano, jibini, viazi vya kuoka na mboga ambazo hazifiki sokoni kwetu. Anayesoma kwa masafa, asiye na mhadhiri wa kumsahihisha papo hapo, huweza kuikariri mifano hiyo na kufaulu mtihani bila kujua kipande cha ugali chenye ukubwa wa ngumi kina wanga kiasi gani. Dawa yake ipo: Jedwali la Virutubishi vya Vyakula vya Tanzania, lililotolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na jedwali la namna hiyo la Kenya la mwaka 2018. Mwanafunzi anayekaa na majedwali haya jikoni, akipima kwa mizani mchicha, dagaa, kisamvu na maharage ya nazi yanayopikwa nyumbani kwake, anafanya zoezi ambalo bweni lisingempa. Hapa elimu ya masafa inamshinda mwanafunzi wa bweni.

4.0 Saa Ambazo Hazibebeki

Shirikisho la kimataifa la vyama vya wataalamu wa lishe tiba limeweka kiwango cha chini cha taaluma hii: shahada ya kwanza, pamoja na mafunzo kwa vitendo yanayosimamiwa yasiyopungua saa 500. Uingereza mtaala wa chama cha taaluma unataka saa zisizopungua 1000. Marekani nako chombo cha ithibati kiitwacho ACEND kinataka saa 1000 au zaidi, na tangu tarehe 1 Januari 2024 anayetaka kufanya mtihani wa usajili lazima awe na shahada ya uzamili. Tofauti za nchi zisimpoteze msomaji. Zote zinakubaliana juu ya neno moja, nalo ni "yanayosimamiwa".

Tulihesabu saa hizo katika maisha ya mtumishi wa Tanzania. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, yaani wiki nne. Akizitumia zote kwa mafunzo ya vitendo, saa nane kwa siku na siku tano kwa wiki, anapata saa 160. Saa 500 zitamla likizo tatu kamili na sehemu ya nne. Saa 1000 zitamla sita na sehemu ya saba. Akiamua badala yake kutoa siku moja kwa wiki, saa nane, atahitaji wiki 63 kuzifikia saa 500. Hapo hajaugua, hajauguliwa na hajafiwa.

Mbele ya hesabu hii wengi hujipa matumaini kwa hoja ifuatayo: mimi nipo hospitalini kila siku, nalisha wagonjwa kwa mpira wa puani, napima uzito, nafundisha akina mama, kwa nini saa hizo zisihesabiwe? Hoja hii inasikika ya haki, na mwandishi aliishikilia kwa mwaka mzima. Jibu ni kwamba muuguzi anayemimina chakula cha majimaji kwenye mpira anatekeleza uamuzi, na kinachofundishwa katika mafunzo ya vitendo ya lishe tiba ni kuufanya uamuzi huo na kuutetea mbele ya mtu anayejua zaidi. Nani alikadiria uzito wa mgonjwa asiyeweza kusimama, na kwa kipimo gani: mzingo wa mkono, urefu wa goti, au kwa jicho? Nani alisema aanze na robo ya mahitaji yake na si nusu? Nani alirudi kesho yake kuangalia potasiamu? Saa ambayo hakuna aliyeuliza maswali hayo ni saa ya uuguzi, na ni saa yenye heshima yake, lakini haiandikwi katika kitabu cha mafunzo ya lishe tiba.

Kuna sababu ya pili isiyoandikwa kwenye mitaala. Mtu aliyevaa sare ya uuguzi katika wodi yake mwenyewe hawezi kuwa mwanafunzi wa kitu kingine. Katika wiki ya kwanza ya vitendo, mwandishi alikaa kando ya kitanda cha mzee mwenye ugonjwa wa figo akiwa na karatasi ya kudadisi mlo wa saa 24. Hakufika mlo wa mchana kabla sauti haijaita, "Sista, njoo utundike dripu, mimi niko peke yangu." Aliinuka, kwa kuwa hakuna muuguzi anayeweza kukaa akisikia hivyo. Siku ile aliandika saa nane za vitendo katika kitabu chake. Msimamizi akauliza maswali matatu, kisha akazikata zikabaki mbili. Alikuwa na haki. Tangu hapo mwandishi alifanya vitendo vyake katika hospitali nyingine, asikojulikana, akiwa amevaa koti lisilo na alama ya uuguzi, na shauri hilo ndilo la kwanza analompa kila anayemuuliza.

Katika hospitali ile ya pili alijifunza somo ambalo kabrasha halikuwa nalo. Mgonjwa mwingine wa figo, mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa ameambiwa apunguze chumvi, na kwa maelezo yake alikuwa ameiacha kabisa. Vipimo vilikataa: miguu ilivimba, shinikizo la damu halikushuka. "Shikamoo, mzee. Mboga za nyumbani zinapikwaje?" Akajibu, "Marahaba, binti yangu. Mama anapika mlenda, na majani ya kunde. Chumvi hatii." Msimamizi, aliyekuwa amesimama nyuma kimya, aliuliza swali moja tu: "Na magadi?" Magadi yalitiwa kila siku, kwa sababu mlenda bila magadi hauvutiki na kunde hazilainiki. Magadi ni chumvi za sodiamu kwa jina jingine. Mwili wa mzee haukujua tofauti. Katika mazungumzo yaleyale ilibainika kwamba alikuwa akinywa madafu mawili kila asubuhi "kusafisha figo", kama majirani walivyomshauri, na madafu yana potasiamu nyingi ambayo figo zilizochoka haziwezi kuitoa. Baada ya hapo ulifuata ushauri wa jikoni: magadi yaondoke, madafu yakome, na viazi na muhogo vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe katika maji mengi ambayo humwagwa, ili sehemu ya potasiamu itoke nayo.

Swali la "na magadi?" halikuweza kufundishwa kwa video. Si kwamba video haiwezi kulibeba. Linaweza kuandikwa hapa, kama lilivyoandikwa. Kilichofundishwa ni mahali pa kuliuliza, na namna ya kusubiri mzee amalize maelezo yake kabla ya kuliuliza, ili asijisikie amekamatwa akidanganya. Mwandishi aliona hilo likifanywa, akalifanya vibaya mara kadhaa akiwa anatazamwa, kisha akalifanya vizuri.

Ugumu ulio mkubwa kuliko yote ni wa kumpata huyo wa kusimama nyuma. Katika hospitali nyingi za wilaya hakuna mtaalamu wa lishe tiba. Aliyepo ni afisa lishe mmoja mwenye majukumu ya jamii nzima. Hata Marekani, ambako wataalamu ni wengi, programu za mafunzo kwa vitendo za masafa mara nyingi humwachia mwanafunzi jukumu la kujitafutia wasimamizi, na hilo ndilo linalolalamikiwa zaidi. Usimamizi kwa simu ya video husaidia kujadili faili la mgonjwa na kusahihisha hesabu. Hausaidii kubonyeza mguu ili kuona kama uvimbe unabaki na shimo. Pendekezo la mwandishi ni mchanganyiko: vipindi vya wiki nne hadi sita katika hospitali ya rufaa yenye mtaalamu, na kati ya vipindi hivyo mijadala ya kila wiki kwa simu juu ya wagonjwa ambao mwanafunzi amewapima mwenyewe.

5.0 Karatasi Zinazotangulia Ada

Muuguzi anayekusudia njia hii huanza kwa kuuliza bei ya masomo. Angepaswa kuanza na mwisho: ni nani atakayemsajili, na je, anaitambua programu hii? Kenya ina sheria ya mwaka 2007 iliyounda taasisi ya wataalamu wa lishe na lishe tiba, KNDI, na hairuhusiwi kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa nayo. Uingereza jina la taaluma hii linalindwa kisheria, na anayelitumia bila kuwamo katika daftari la HCPC anavunja sheria. Mtandao umejaa shahada na vyeti vya "lishe" vinavyosomwa kwa wiki chache au miaka michache na visivyomfikisha mtu katika daftari lolote. Waafrika ya Mashariki wanaofanya kazi ya kuhudumia wazee Marekani hukutana na mtego huo mara kwa mara: programu ni ya kweli, chuo ni cha kweli, lakini ithibati ya ACEND haipo, na aliyehitimu hukuta mlango wa mtihani wa usajili umefungwa.

Karatasi ya pili ni ruhusa ya mwajiri. Ruhusa ya mdomo ya kiongozi wa wodi ni neema, na neema huondoka siku kiongozi anapohamishwa. Barua ieleze siku za mitihani, vipindi vya vitendo na muda wake, kama mshahara utaendelea wakati huo, na kama mtumishi atalazimika kubaki kwa mwajiri huyo kwa miaka fulani baada ya kuhitimu. England imejaribu njia ya uanagenzi wa shahada katika lishe tiba, ambamo mwanafunzi ni mwajiriwa wa hospitali tangu siku ya kwanza na muda wa kusoma umo ndani ya ajira yake. Hospitali zetu hazihitaji sheria mpya ili kuiga sehemu ya mpango huo. Zinahitaji mkataba wa kurasa mbili kati ya chuo, hospitali na mwanafunzi, utiwe saini kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, si katika mwaka wa mwisho wakati mwanafunzi ameshakuwa mwombaji.

Karatasi ya tatu ndiyo inayosahaulika. Katika utumishi wa umma cheo hufuata kada, na kuhitimu hakubadilishi kada ya mtu. Muuguzi mwenye miaka kumi na miwili kazini akiomba kubadilishiwa kada huingia katika muundo wa utumishi wa kada mpya, pengine karibu na wale walioajiriwa jana, na ni lazima kuwe na nafasi iliyotengewa bajeti. Maswali mawili yaulizwe kwa afisa utumishi kabla ya kujiunga na chuo: je, hospitali hii ina nafasi ya mtaalamu wa lishe tiba katika ikama yake? Na mshahara wangu utasomeka vipi siku hiyo? Wapo wanaosikia majibu na kuamua kusoma hivyohivyo. Wapo wanaochagua badala yake kozi fupi ya lishe ya wagonjwa mahututi na kubaki wauguzi, na uamuzi huo nao ni wa busara.

Mwandishi aliomba kubadilishiwa kada mwezi uleule alipopata cheti. Hadi anapoandika makala haya jina lake bado limo katika orodha ya zamu za wauguzi, na saini yake katika faili inatanguliwa na cheo kilekile. Ila siku za Jumatano, kwa makubaliano na mganga mfawidhi, hapangiwi zamu. Huzunguka wodi nne akiwa na mizani, utepe na jedwali la virutubishi, na maelezo yake huandikwa kwenye karatasi ya kijani inayobanwa nyuma ya faili, kwa kuwa fomu rasmi haina sehemu ya lishe. Madaktari wameanza kuigeuza faili kuitafuta.